Tarumbeta Juu ya Sauti Yako

Dada yangu Enesi,

Nianze kwa kukusalimu, ingawa najua huko uliko hakuna posta. Sisi huku hatujambo kiasi chetu. Mvua ya mwaka huu imekuja na fujo zake, barabara ya Mpemba imejaa malori yanayongoja kuvuka mpaka, na mimi ni fundi redio yuleyule wa Tunduma, ila siku hizi watu hawaleti redio, wanaleta simu. Nimenenepa. Ungeniona ungenicheka kwanza, habari za watoto ungeuliza baadaye.

Barua hii nimekaa nayo kichwani miaka mingi. Kila nikishika kalamu naandika habari za mahindi na harusi za watu, halafu nachana karatasi. Leo sichani. Nataka tuongee habari ya siku ile ya mkutano kule bondeni, kwenye uwanja wa shule, baada ya mafuriko, na habari ya kitu nilichokufanyia kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi na wewe hatukuwahi kukisema. Wewe ulinyamaza kwa wema, mimi nilinyamaza kwa woga, ukaondoka duniani tukiwa hivyo.

Lakini niache nianzie mbali kidogo. Bila muziki jambo hili halielezeki, na aliyeniingiza kwenye muziki ni wewe.

Unaikumbuka redio ya baba? Jumapili betri zilikuwa zinaanikwa juu ya bati tangu asubuhi, ili tukitoka kanisani ziwe na nguvu ya kubeba kipindi cha muziki wa dansi. Kwa baba kila bendi ilikuwa jazi. Ikiwa na magita na tarumbeta, basi ni jazi, na hakuna wa kumbishia. Mimi nilikuwa na miaka kumi, wewe kumi na minne, na ulinifundisha kusikiliza chombo kimoja kimoja. Leo sikiliza besi peke yake, uliniambia, wengine wote wafanye kama hawapo. Jumapili ijayo ngoma. Nilidhani ni mchezo wa kunituliza nisikusumbue, nami nikautii kama mchezo. Mpaka leo wimbo ukipita dirishani kwangu, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni besi.

Na bugi je, lile dansi la mchana? Ulimwambia mama tunakwenda mazoezi ya kwaya, tukapiga mguu kutoka Mpemba hadi Tunduma, viatu mkononi visishike vumbi. Bendi ilipiga mchana kweupe, vijana wakajaa. Wewe hukucheza. Ulisimama karibu na wapiga tarumbeta, mikono nyuma, kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Akaja kijana mmoja amechomekea shati vizuri, akakuomba mcheze, ukamwambia asubiri kwanza tarumbeta imalize. Haikumaliza. Yule kijana alisubiri mpaka akachoka, akaenda kutafuta mwingine. Njia nzima ya kurudi nilikutania, ukanitishia kwamba utamwambia mama kuwa niliyekudanganya ni mimi.

Halafu ikaja ile kaseti. Ilikuwa miaka ile bidhaa zilipoanza kurudi madukani, na mpakani pale ukipata mtaji kidogo unauza chochote. Mimi nilikuwa najifunza ufundi kwa mzee mmoja karibu na geti. Dereva wa lori, Mzambia, alileta redio-kaseti yake iliyomeza kaseti. Nilipoitoa akaniambia kwa heshima za kwao, baki nayo, mukwai, hiyo haina maneno, ikipigwa barabarani inanitia usingizi. Nikaileta nyumbani. Ilikuwa jazi ya Wamarekani, tarumbeta, piano na ngoma tu. Baba alisikiliza dakika chache, akauliza mwimbaji atafika saa ngapi. Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Wewe uliisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema neno ambalo tangu siku ile nimelibeba kila mahali.

“Huyu wa tarumbeta anauliza, na wale wanamwitikia. Sikiliza vizuri, hawamwitikii mpaka amalize kusema.”

Nimekutana na watu wengi wanaojua jazi kuliko mimi. Madereva, walimu, padri mmoja mgeni mwenye sahani nyingi za santuri. Hakuna aliyeniambia kitu kilichozidi hicho. Ulinieleza kwamba ni kama kwetu kwenye misiba na kwenye kulima. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na mwenye kazi ngumu ni anayeitikia, kwa sababu lazima kwanza asikie ameulizwa nini. Akiitikia wimbo mwingine, hata awe na sauti nzuri namna gani, ameharibu.

Hebu nikumbushe na habari ya jina, maana nayo ina sehemu yake katika haya. Sisi Wanamwanga hatuhitaji kuambiwa. Mtoto wa kiume wa Silungwe ni Silungwe, wa kike ni Nalungwe, na mtu akisikia majina hayo mawili anajua hawa ni tumbo moja, baba mmoja. Lakini mwalimu wa darasa lako alitoka mbali. Aliona kwenye daftari la shule ndugu wawili wana majina mawili ya baba, akadhani tumekosea, akakufuta Nalungwe akakuandika Silungwe. Kesho yake akakuita, hukuitika. Akakuita tena, ukakaa kimya. Akakuuliza una kiburi gani. Ukasimama ukamwambia kwa adabu kabisa kwamba huyo anayemwita ni mwanaume, na mwanaume huyo hayupo darasani. Darasa zima lilicheka, na mwalimu, Mungu amrehemu, naye akacheka, akakuandika upya. Nilijivuna kwa ajili yako mwezi mzima.

Shemeji alipofariki ulirudi nyumbani na watoto wako, lakini hukukaa sana. Ulisema Mpemba imejaa kelele za malori. Ukashuka bondeni kwenye lile shamba la mpunga ambalo baba alipewa na kijiji enzi zake, likaandikwa kwa jina lake. Baba alikuwa ameshakufa. Kwenye daftari la kijiji ikabaki kaya ya Silungwe, na aliyekuwa anaamka kila siku kulilima shamba la kaya hiyo alikuwa Nalungwe. Nani angefikiria kwamba hilo lina madhara? Kwetu hilo ni jambo moja.

Kisha ukaja mwaka ule wa mvua zisizokatika. Mto uliingia asubuhi, watu wakiwa wanawasha moto wa chai. Nyumba za udongo zilikaa chini kama mtu aliyechoka. Wewe ulitoka na watoto wako, sufuria moja na kuku watatu. Sisi Tunduma tulipata habari kwa makondakta, na barabara ilikuwa imekatika, sikuweza kufika. Ulinisimulia baadaye kwamba wa kwanza kuwafikia walikuwa wale wafugaji wahamiaji waliokuwa na kambi mwinuko wa juu. Hamkuwa na mazoea nao sana, mlikuwa mnagombana kila mara kwa sababu ya ng’ombe kuingia kwenye mpunga. Walikuja na maziwa, wakawabeba wazee mgongoni, hawakuuliza jina la mtu.

Na ili nisiwe mwongo, serikali nayo ilikuwa na watu wake. Yule bwana shamba mwembamba alivuka maji yakiwa kifuani, na gunia la unga kichwani. Nesi wa zahanati alilala kwenye darasa pamoja na wagonjwa wake. Hao mtu akiwasema vibaya nitabishana naye. Lakini hao walikuwa wachache na walikuja na kile tu walichoweza kubeba.

Waliokuwa na vitu walikuja baadaye, na walianza na orodha. Orodha ilitolewa kwenye daftari la kijiji, kisha akatumwa ofisa wa kuihakiki. Alitoka mbali kama yule mwalimu wetu, ila huyu hakuwa wa kucheka. Alifika mlipojihifadhi, akaita kaya ya Silungwe, ukasimama. Akauliza jina lako, ukamwambia Nalungwe. Akatazama karatasi, akakutazama wewe, akaona mbele yake mama mjanja anayetaka turubai la mtu mwingine. Majirani zako, wafugaji na wakulima wa makabila mengine, hawakuijua mila yetu ya majina, na mtendaji naye alikuwa mgeni. Ukamweleza. Akasema jina ni jina, akavuta mstari.

Hayo yote sikuyajua bado. Mimi nilikuwa Tunduma nikishukuru Mungu, kwa sababu watu wa wilayani walikuja kunikodi. Kulikuwa na mgeni rasmi anakwenda kukabidhi misaada, wanataka spika na maiki, na gari lao lingenipeleka mpaka bondeni. Nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Nilitaka kukuona tu, dada. Nikafunga mitambo yangu, jenereta, deki, na ile kaseti, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa napimia spika siku zote.

Niliona ratiba asubuhi ile, imechapwa vizuri. Kuwasili kwa mgeni rasmi. Utambulisho. Taarifa ya maafa. Hotuba. Kusomwa kwa majina. Muziki. Kuondoka. Nilitafuta mahali palipoandikwa kwamba waliopatwa na maafa watasema neno, sikupaona. Lakini sikushangaa, nilikuwa nimeshafanya mikutano mingi.

Nilikuona ukiwa umekaa na kina mama, mstari wa tatu, matope yamekauka kwenye miguu yako. Uliponiona ulitabasamu. Ulionyesha kwa kidole zile spika kubwa, kama unasema, kumbe mdogo wangu umekuwa mtu mkubwa. Nikakuashiria kwamba nikimaliza kazi nakuja.

Mgeni rasmi alihutubia. Alisema mwitikio wa serikali kwa maafa haya umekuwa wa haraka na wa kuridhisha. Neno hilo lilinigusa, mwitikio, nikakutazama nikidhani nawe umelishika. Ulikuwa umeinamisha kichwa, unasikiliza. Yakaanza kusomwa majina. Yalisomwa yote, ya wenye haki na ya mmoja wawili ambao nyumba zao zilikuwa mlimani na hazikuguswa na tone. Lako halikusomwa.

Ulisubiri mpaka karatasi ikakunjwa. Ukanyosha mkono. Ofisa aliyeshika ratiba akasema muda wa maswali haupo. Ukaushusha mkono, nikadhani imekwisha. Kisha ukainuka, ukaja mbele taratibu, ukasimama hatua chache kutoka kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Hukuwa na maiki. Ukasema kwa sauti yako ya kawaida.

“Mimi ni Nalungwe. Silungwe ni baba yangu, na nyumba iliyoanguka ni yangu.”

Watu wakaanza kunong’ona. Mgeni rasmi akainua macho. Ukaendelea, ukaanza kueleza habari ya majina, vilevile kwa adabu kama ulivyomweleza mwalimu. Yule ofisa wa ratiba akageuka kwangu. Hakukasirika, hakunitisha. Aliniambia tu, “Fundi, weka muziki.”

Nikaweka.

Mara nyingine najidanganya kwamba sikuwa na la kufanya. Lakini maiki ilikuwa karibu na goti langu, waya wake mrefu, ungekufikia. Ningeweza kusema jenereta limezima. Ningeweza kuchelewa tu, kujifanya natafuta kaseti, nikakupa dakika moja. Dakika moja ingekutosha, ulikuwa mtu wa maneno machache. Badala yake kidole changu kilibonyeza kama kilivyozoea kubonyeza kwenye mikutano yote, na kilichokuwa ndani ya deki ni ile kaseti yetu.

Tarumbeta ilitoka kwa nguvu zote za spika zangu. Ukanyamaza. Ulinitazama, dada, nami nikakutazama. Uliujua wimbo ule tangu sauti ya kwanza. Hukupiga kelele wala hukulia. Ulisimama pale kidogo, mikono nyuma, halafu ukageuka ukarudi mahali pako. Kuna watu walipiga makofi wakidhani burudani imeanza. Mgeni rasmi alitikisa kichwa kufuata mdundo, na nadhani aliupenda kweli.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya serikali na muziki, maana ndivyo nilivyo, siwezi kufikiri kitu bila kukipitisha kwenye muziki. Watu wakikaa kibandani kwangu wanasema serikali haijali, haisikii. Zamani nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo. Siku hizi naona kwamba siku ile serikali ilikuja na wimbo wake imeshauandika huko ilikotoka, nyinyi mliouliza mkaonekana mnaharibu shughuli. Hilo ni kosa lao na nitalisema popote. Lakini kilichokunyamazisha kilikuwa kidole changu. Ofisa yule hakujua hata swichi iko wapi. Aliyejua alikuwa mtoto wa Silungwe, aliyefundishwa na wewe kwamba mtu haitikiwi kabla hajamaliza kusema.

Mkutano ulipokwisha waliniharakisha nifungashe, gari linaondoka. Nilipanda. Nilisema moyoni nitarudi Jumamosi. Nilirudi baada ya wiki mbili, na unga na turubai kuukuu nililoliomba kwa madereva. Ulikuwa umejenga kibanda cha nyasi, maji yanapita katikati. Ukanipikia. Ukaniuliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa jina. Nilingoja uniseme. Nilitamani uniseme. Ulinifungia mchele kwenye kitambaa nipeleke kwa mke wangu, ukanisindikiza mpaka njia panda, ukaniambia niende salama. Mzigo ule wa mchele ulinilemea njia nzima.

Nikaanza kuzunguka ofisini kurekebisha jina. Nilitumwa kwa mtendaji nikalete barua. Barua ikakosa muhuri. Muhuri ukapatikana, ikatakiwa hati ya kifo cha baba, kana kwamba baba alifia hospitali. Kila dirisha nililosimama nilieleza upya Si na Na, na kuna karani mmoja, Mnamwanga mwenzetu, aliyecheka kwa uchungu akasema hata yeye dada yake ana shida hiyohiyo. Mwishowe wakaandika Silungwe, alama ya mkwaju, Nalungwe. Turubai likatoka. Kwenye kibanda kile kifua kilikuwa kimeshakushika, na turubai la serikali lilifika siku ya pili ya msiba wako. Tulilifunga kwenye miti, waombolezaji wakakaa chini yake. Wakasema angalau kuna kivuli.

Kaseti sikuipiga tena. Kazi ya mikutano niliiacha, nikabaki na chuma changu cha kulehemu na redio za watu. Nimekuwa mpenzi wa jazi asiyesikiliza jazi. Mke wangu alidhani ni majonzi, nami nikamwacha adhani hivyo.

Sasa sababu ya barua hii. Salome wako alikuja wiki iliyopita na mume wake, wameniletea mchele. Amekuwa mama wa watu wawili na anakaa Mkwajuni, na akicheka, Enesi, naangalia pembeni. Tulikuwa kibandani. Kijana mmoja jirani akafungulia muziki kwenye simu yake, tarumbeta tupu, na mimi nikamwambia azime, kwa ukali kuliko nilivyotaka.  Salome akaniwekea mkono begani kama mtu mzima anavyomfariji mtoto.

Akaniambia niache kujilaumu. Alisema siku ile baada ya mkutano yeye na wadogo zake walinichukia, walisema mjomba amemzima mama. Wewe ukawakalisha chini. Uliwaambia mjomba wenu alikuwa ameinama kwenye mitambo yake, waya zimemsumbua, hakuniona. Uliwaapisha wasinichukie, na hawakunichukia. Miaka yote hii wananiletea mchele, wananipa watoto wao niwashike, wananiita kwenye harusi na kuniketisha mbele mahali pa baba yao. Kumbe kiti hicho ulinichongea wewe kwa uongo mmoja, wewe ambaye hukukubali hata kuandikwa jina lisilo lako.

Nilifungua mdomo nimwambie Salome. Nikasema tu, ahsante mama, mvua inakuja, wahini basi.

Kwa hiyo nimeandika. Jumapili nakwenda Mkwajuni, nami barua hii nitampa yeye mkononi, aisome mbele yangu, kisha awasomee wadogo zake. Pengine kiti kile kitaondolewa, na itakuwa haki yao. Naogopa, sikufichi. Mimi ni mzee wa kutegemea watoto wako. Lakini ulipoteza neno lako mbele ya watu kwa ajili yangu, halafu ukaupoteza na ukweli wako mbele ya watoto wako kwa ajili yangu tena, na hilo la pili siwezi kuliacha likae.

Pumzika, mama Salome, binti wa baba yetu. Watoto wako, nisikilizeni. Sikuwa nimeinama, na waya hazikunisumbua. Nilimuona mama yenu, akaniona, na nilimuona vizuri.

Mimi mdogo wako,
mjomba wao kama bado watapenda kuniita hivyo.